Hotuba kwa Panya

Kila mwaka mwezi wa Oktoba chuo chetu hufanya tambiko la kuwakumbuka wanyama wa maabara, na anayesoma hotuba ni profesa aliyeua wengi kuliko wenzake. Kanuni ndiyo hiyo. Hakuna anayeitamka hivyo, bila shaka. Barua ya ofisi husema "maabara iliyopokea mchango mkubwa zaidi wa wanyama," utadhani panya walipelekewa kadi za michango ya harusi. Mwaka huu zamu ikaniangukia mimi, Pyo Okran, profesa wa biolojia, mjane mwenye magoti mabovu na hamu ya kustaafu iliyonifika hapa kooni.

Niseme mapema kwamba nilikuwa nimechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nimefundisha kwenye chuo hiki cha mkoani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi bila msaada wa rangi, na kazi niliyoajiriwa kuifanya, yaani kufundisha na kuchunguza, sasa naifanya kwa kuibaiba katikati ya vikao. Tuna hadi kikao cha kupanga vikao. Makala zangu zinarudishwa na wahakiki ambao ukurasa wa pili hawakuufungua. Wanafunzi nao wanapungua mwaka hadi mwaka, maana watoto hawazaliwi, na wale wachache wanaozaliwa Seoul inawanyakua. Ndipo wakubwa wakaja na ufumbuzi wao, uenezi wa sayansi. Kila profesa awaeleze wananchi kazi yake, kwenye runinga, mitandaoni, popote pale, apewe alama, na alama hizo zikaguliwe na wizara.

Wakatuletea kijana wa kutufundisha kuongea. Kijana mzuri, viatu vyeupe, hajawahi kushika panya maishani mwake. Akatusimamisha mmoja mmoja mbele ya kamera.

"Profesa Pyo, tuondoe hilo neno 'huenda.' Watazamaji hawalipendi."

"Nikiliondoa nabaki na nini?"

"Unabaki na tabasamu, Profesa."

Haki ya nani, nusura nimvulie kiatu. Wenzangu wakacheka hadi machozi, kisha wakaenda mmoja mmoja kutabasamu. Mimi pia nikatabasamu. Nina picha hiyo bado, na nafanana na mtu anayeumwa na jino.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa. Kuna watoto wanaozaliwa wakisikia kidogo, halafu usikivu wao unapungua polepole mpaka unakwisha, kwa sababu ya kasoro waliyoirithi. Na kuna panya wenye kasoro hiyohiyo. Sisi tulikuwa na dawa tuliyoitengeneza, tukawa tunawadunga panya hao, tunawalaza usingizi, tunawapigia sauti masikioni na kutazama kwenye kompyuta kama ubongo unaitika. Ubongo ukiitika, mstari unapanda. Usipoitika, mstari unalala. Masika iliyopita, kwenye kundi la kwanza la panya, mstari ukapanda. Si sana, lakini ukapanda. Mimi na mwanafunzi wangu wa udaktari, Serim, tulikwenda kula tambi baridi siku hiyo, na huyo binti ambaye hunywa maji tu akaagiza bia.

Nikaandika taarifa fupi kwa ofisi ya habari ya chuo. Niliandika kwamba matokeo ya awali kwa panya wachache yanaonyesha kuwa dawa huenda siku za usoni ikafungua njia ya utafiti zaidi. Asubuhi yake nikafungua simu nikakuta habari yenyewe, na picha yangu ya jino juu yake: VIZIWI KUSIKIA TENA. PROFESA WETU AGUNDUA DAWA.

Nikampigia mkuu wa ofisi ya habari, Bwana Tak.

"Bwana Tak, umeandika nini wewe?"

"Profesa! Hongera! Habari yetu imesomwa kuliko ile ya timu ya mpira!"

"Nimesema panya. Panya wako wapi kwenye kichwa cha habari?"

"Panya wapo, Profesa, aya ya mwisho kabisa. Watu hawapendi kusoma panya asubuhi wakinywa kahawa."

"Isahihishe."

"Nitaisahihisha," akasema, kwa ile sauti tunayoijua wote hapa, ya mtu anayekubali ili ukate simu. Nilikuwa na kikao. Nikakata simu.

Haikupita wiki, akapiga Mama Raon. Alikuwa na duka la mboga zilizopikwa na vitoweo huko Samcheok, pwani ya mashariki, na binti yake Raon alikuwa anatimiza miaka mitatu. Aliongea harakaharaka, nyuma yake nasikia mafuta yanachemka na wateja wanauliza bei.

"Profesa, samahani sana kukusumbua, najua una kazi. Mwanangu ana hiyo kasoro uliyoiandika, ileile, madaktari wameipima. Wanataka kumpasua wamtie kile kifaa ndani ya sikio. Wameshatupa nafasi, mwezi wa Novemba."

"Ni upasuaji mzuri, Mama Raon. Unafanyika kila siku."

"Najua. Lakini wameniambia wakishapitisha ule waya, kale kasikio kake kadogo kaliko hai bado kanaweza kufa. Sasa wewe dawa yako ikija si itakuta nyumba imebomolewa? Mama mkwe anasema ningoje. Ningoje, Profesa?"

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Ningoje au nisingoje. Na mimi, mwanamke niliyesomeshwa miaka yote ile, nikamjibu kwamba matokeo ni ya awali, kwamba kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ni safari ndefu, kwamba mimi si daktari wa watu na uamuzi ni wa familia. Yote kweli tupu. Nilisikia akivuta pumzi.

"Kwa hiyo safari imeshaanza," akasema. "Asante sana, Profesa. Mungu akuzidishie nguvu."

Nilikaa nimeshika simu. Nilikuwa nimemwambia hapana kwa adabu zote za taaluma yangu, na mwenzangu amesikia ndiyo. Nikajiambia nitampigia kesho nimfafanulie. Kesho yake kulikuwa na kikao cha alama.

Kisha ikaja Septemba. Serim akaingia ofisini kwangu, akafunga mlango, jambo ambalo halifanyi kamwe. Ni binti mrefu, mkimya, anayetembea kama anaomba radhi kwa sakafu.

"Profesa, shikamoo. Tafadhali usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Kuna nini?"

"Kundi la kwanza. Nimewapima tena damu zao zile tulizohifadhi. Hawakuwa viziwi kamili. Kwenye nyumba ya panya kizazi kilichanganyika, wengine walikuwa na kasoro nusu tu, ya mzazi mmoja. Walikuwa wanasikia tangu mwanzo."

"Na kundi jipya, lile tulilolidunga kurudia jaribio?"

"Kundi jipya ni viziwi kweli. Nimewapima wote, mara mbili. Mstari umelala, Profesa. Kwa wote."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, na si kwa ajili ya dawa, maana dawa hufa kila siku katika kazi hii na tunazizika tukaendelea. Nilimtazama nikaona miaka yake mitano imekwenda na maji, nikaona na picha yangu ya jino.

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Umefanya kazi nzuri sana."

"Nani atamwambia Mama Raon? Amepiga tena leo. Anauliza kama kuna orodha ya kujiandikisha."

Nikasema nitamwambia mimi. Lakini kwanza nikapanda kwa mkuu wa kitivo, Profesa Ma, kumweleza kwamba ile habari lazima ifutwe. Profesa Ma alinimiminia chai ya shayiri kwa mikono yake mwenyewe, ishara mbaya.

"Dada Okran," akasema, maana tukiwa wawili huniita dada, tulianza kazi mwaka mmoja. "Wakaguzi wa wizara wanakuja katikati ya Oktoba. Watakuwepo hata kwenye tambiko. Habari yako ndiyo jambo pekee la kitivo hiki wanalolijua. Wakishaondoka, futa, sahihisha, tangaza kwa ngoma ukitaka."

"Kuna mama ana mtoto."

"Umemwahidi kitu?"

"Hapana."

"Basi! Hujadanganya. Unahakiki matokeo, si ndivyo sayansi inavyokwenda? Hakiki taratibu."

Nilipaswa kumrudishia chai yake. Nikainywa. Nilishuka ngazi na magoti yangu yananiuma, nikawaza wiki chache tu, mtoto hafi kwa wiki chache, upasuaji si upo Novemba? Mama Raon alipopiga tena, nilimwambia kwamba tunahakiki, na kwamba matokeo mapya yameonyesha utata.

"Lakini mnaendelea nayo?"

"Tunaendelea na uhakiki, ndiyo."

"Asante, Profesa. Usijichoshe sana jamani, ule vizuri."

Huruma yake hiyo ilinikera. Nasema ukweli, nilimkasirikia yeye, kwa kuwa mwema kwangu.

Siku ya tambiko ilikuwa na jua la kuchoma na upepo wa baridi. Jiwe la kumbukumbu liko nyuma ya nyumba ya wanyama, chini ya miti ya ginko, na Oktoba matunda ya ginko huanguka na kunuka kama choo cha stesheni, kwa hiyo kila mtu alikuwa anakanyaga kwa vidole na kufuta soli kwenye nyasi. Wanafunzi walishatandika meza ikiwa na karoti, tufaha, mbegu za alizeti, chakula cha panya cha vidonge kwenye sahani ya kaure, na birika la pombe ya mchele. Wakaguzi wawili walikaa viti vya mbele, suti nyeusi, mikono magotini. Bwana Tak alikuwa anazunguka na mpiga picha wake.

"Profesa!" akanishika kiwiko. "Leo nina zawadi yako. Nimewaalika. Wameshafika!"

"Umewaalika nani?"

Akanyoosha kidole. Nyuma, mwisho wa safu, alisimama mwanamke mfupi mwenye mashavu mekundu na koti jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, mtoto mgongoni amefungwa kwa kitambaa, sanduku la plastiki mkononi. Sikuhitaji kuambiwa.

"Ofisini kwetu ndiko alikoomba namba yako. Picha moja tu baada ya hotuba," Bwana Tak akasema. "Wewe, mtoto, mama. Wakaguzi wakiona hivyo, tumemaliza mchezo."

Ningeweza kumla mbichi. Nikaenda kwa Mama Raon, na kabla sijafungua mdomo akaniinamia mpaka mtoto akachungulia juu ya kichwa chake.

"Profesa, kumbe wewe ni mwembamba hivi! Kwenye picha umenenepa. Chukua, nimekutengenezea majani ya ufuta na dagaa wa kukaanga."

"Mama Raon, siruhusiwi kupokea kitu. Ni sheria ya hongo."

"Ah, sheria ya dagaa? Basi wape wanafunzi."

"Nao hawaruhusiwi."

"Basi wape hao panya wenu!" akasema, na bila kungoja akapita katikati ya maprofesa, akaliweka sanduku mezani kando ya karoti, akakifunua kifuniko, akarudi. Harufu ya dagaa ikashindana na ginko. Mkaguzi mmoja akageuka kutazama.

Akamshusha mtoto. Raon alikuwa na nywele fupi na macho ya kutaka kujua kila kitu. Mama yake alipoanza kuongea nami, mtoto akainua mkono akauweka kwenye koo la mama yake, akautuliza pale.

"Anafanya hivyo siku hizi," Mama Raon akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua kasi. "Zamani nikidondosha mfuniko wa sufuria alikuwa anageuka. Sasa hageuki. Ananishika hapa. Anasikia kwa kiganja."

"Mama Raon, kuhusu upasuaji," nikaanza.

"Profesa Pyo!" Serim alikuwa ananiita, amesimama kando ya meza, amenishikia karatasi. "Wanakungoja."

Nikasema, "Tutaongea baada ya hapa," nikaenda. Ndivyo nilivyo, kumbe. Hata pale.

Hotuba yenyewe si ya kutunga. Profesa Ma aliitunga zamani kwa Kikorea cha kale kilichojaa maneno mazito ya Kichina, na kila mwaka tunabadilisha tarehe na jina la maabara tu. Hakuna anayeielewa vizuri, na uzuri wake ndio huo. Unaisoma kwa sauti ya pua, unamwaga pombe, watu wanaweka maua meupe, mnakwenda kula. Nilimwaga kikombe cha kwanza mbele ya jiwe. Nikapiga goti moja, kisha la pili, nikainuka kwa msaada wa Serim, nikafungua karatasi.

"Enyi roho za viumbe wadogo," nikasoma, "mlioitoa miili yenu kwa hiari adhimu kwa ajili ya elimu..."

Ilikwenda vizuri mpaka katikati. Hapo katikati kuna sentensi, sijui nimeisikia mara ngapi nikiwa nimesimama pale nafikiria chakula cha mchana. Damu yenu haikumwagika bure. Nilipoifikia, sauti ikakataa kutoka. Nikajaribu tena. Watu wakadhani nimeguswa na hisia, na mpiga picha akasogea.

Sikuguswa na chochote. Nilikuwa nimechoka tu. Nilikuwa nimechoka kwa utata na uhakiki na matokeo ya awali, nimechoka kusema maneno ambayo hayana mtu ndani yake. Na hapa kwetu, hata msomi asiyeamini chochote hathubutu kusimama mbele ya jiwe la wafu, pombe imeshamwagwa, akawadanganya. Mama yangu angefufuka anizabe kofi. Nikaikunja karatasi.

"Panya," nikasema. Maprofesa wakainua vichwa. "Karatasi hii inasema mlijitolea. Hamkujitolea, tuliwaleta sisi. Inasema hamkufa bure. Wengi wenu mmekufa bure, na heri mlisikie kwangu.

"Tulitaka kujua kama dawa yetu inamfanya kiziwi asikie. Tulidhani inafanya. Tulikosea. Wenzenu wa kwanza hawakuwa viziwi kamili, mlichanganyika huko kwenye nyumba yenu na sisi hatukuangalia, kwa sababu tulichokiona kilitufurahisha. Binti huyu hapa ndiye aliyeangalia. Halafu tukawapa dawa nyie mliokuwa viziwi kweli, na hakuna hata mmoja wenu aliyesikia. Hakuna. Dawa haifanyi kazi. Binadamu hatujawahi kumpa, wala hatutampa, maana hakuna cha kumpa. Tukasema magazetini inafanya kazi, na mimi nikajua si kweli, nikanyamaza. Anayeingoja asiingoje. Hakuna kinachokuja.

"Poleni sana. Mlikuwa wanyama wazuri, hamkuwa mkiuma. Karibuni mle."

Mkaguzi mwembamba akamwinamia Profesa Ma akamwuliza, kwa sauti ya chini lakini si ya chini ya kutosha, kama huo ndio utaratibu wa kila mwaka.

"Profesa Pyo amechoka kidogo," Profesa Ma akajibu.

Halafu, kwa kuwa ratiba ni ratiba, wakapanga foleni na maua yao meupe. Waliweka, wakainama, wakapita mbele yangu bila kunitazama. Bwana Tak alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Serim alipita na ua lake, machozi yanamtiririka na anacheka hapohapo, akanong'ona, "Profesa, sasa mimi nitahitimu lini?" nikamwambia atahitimu kwa kazi hiihii, hata kama itabidi nistaafu nikiwa nimemshika Profesa Ma shati. Nilijisikia mwepesi. Niwaambie ukweli, nilijisikia shujaa. Nilimtafuta Mama Raon kwa macho nikiwa natarajia, sijui, shukrani.

Alikuja akiwa amemshika mtoto mkono. Mashavu yake yalikuwa meupe.

"Wale ni panya," akasema.

"Ndiyo."

"Na wamekufa."

"Ndiyo, Mama Raon."

"Umewaambia maneno ambayo hata mimi muuza mboga nimeyaelewa. Yote. Hukumeza hata moja. Mimi niko hai, nakupigia simu, nakubembeleza, unaniambia utata." Sauti ikaanza kupanda, na watu waliokuwa kwenye foleni wakajifanya wanatazama miti. "Utata! Nilimwuliza jirani, ana mtoto chuo kikuu, utata ni kitu gani kwenye masikio. Akaniambia ni dalili nzuri, ni kwamba wasomi wanabishana, wakibishana ujue kuna kitu. Nikafurahi! Nimelala nikifurahi!"

"Nilikosea. Nisamehe. Nilikuwa nimechoka, nikaogopa wakubwa."

"Na mimi sichoki? Mimi nakaanga dagaa kabla jogoo hajawika!"

"Unachoka. Una haki ya kunitukana. Lakini nisikilize, Mama Raon. Usingoje. Mpeleke Novemba wamfanyie upasuaji, asipoteze hata siku. Mtoto wa umri huu ndiye anayejifunza kusikia. Akichelewa, kila mwezi unamgharimu maneno."

Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amechota mbegu za alizeti kwenye meza ya wafu na kuzitafuna moja moja, akitema maganda kwenye kiganja chake kwa adabu.

"Niliifuta," akasema.

"Umefuta nini?"

"Nafasi ya Novemba. Juzi huyu bwana wenu alipopiga simu, njooni mpige picha na Profesa, tumewalipia treni, nikasema basi, mambo yameiva, hawamwiti mtu bure kutoka Samcheok. Jana asubuhi nikapiga hospitali nikafuta. Mama mkwe alinipikia supu ya pongezi."

Nikatoa simu. Nikamwomba namba ya hospitali, nikaikosea, nikapiga tena. Hospitali ilipokea, nikajitambulisha kwa vyeo vyangu vyote, nikasema ni kosa langu, si la familia, nafasi ya mtoto Raon irudishwe kama ilivyokuwa. Yule mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole. Akaniambia nisubiri. Mama Raon alikuwa ameweka macho kwenye mdomo wangu, hakuyabandua, na mtoto, akiona mama yake amekakamaa, akapanda mwilini mwake na kuweka mkono kooni, akingoja.

Yule mwanamke akarudi. Akaniambia. Nikashukuru, nikashusha simu.

Maneno mengi yalinijia, yote ya kitaalamu, yote ya upole. Yalikuwa yamejipanga mdomoni kama wanafunzi mlangoni, kila moja lipite kwanza. Ningeweza kuanza na hali ya orodha, na uwezekano, na kwamba wamechukua namba yetu.

"Imechukuliwa," nikasema. "Wamempa mtoto mwingine jana hiyohiyo. Iliyopo ni Aprili. Mpaka Aprili atakuwa hasikii kabisa, na nusu mwaka huo hautarudi."

Mama Raon aliitikia kwa kichwa, polepole. Koo lake lilikuwa halitikisiki, na mtoto aliubonyeza mkono wake zaidi, akitafuta.

"Hilo nimelielewa, Profesa," akasema.